Kaseti ya Natali Iliyopotea Nyumbani Kwetu

Sisi tuliokulia Mocímboa, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, enzi za redio kaseti tunajua Natali, Krismasi yetu, ilivyokuwa ikisikika. Siku hizi Desemba haijashika hata wiki, simu yangu imeshajaa video za theluji, wazee wenye ndevu nyeupe na watoto waliovaa makoti mazito, wanaimba, nami nimekaa barazani nachuruzika jasho. Wanangu wanazipenda. Mimi nazishuku. Hujui aliyeimba ni mtu au ni mashine, na ukiwauliza wanakucheka: "Mamã, si tamu? Basi!" Hawa hata jokofu likiimba watacheza.

Kwetu Natali ilianza kwa kuku. Baba alikuwa katekista, tumetoka juu huko Mueda, lakini jirani zetu wa ukuta kwa ukuta walikuwa Waislamu wa pwani, nyumba ya Bi Saumu. Asubuhi ya sikukuu mama hakuthubutu kumtia kuku kisu. Alimsubiri mume wa Bi Saumu aje achinje, maana sahani zetu zilikwenda mtaa mzima, na mama hakutaka jirani hata mmoja ale kwa wasiwasi. Bi Saumu alikuja na nazi zake, akakuna huku anaimba nyimbo za kanisani ambazo nusu ya maneno hakuyajua. Harufu ya wali wa nazi, moshi wa makumbi, kitambaa kipya cha kapulana ambacho bado kinanukia duka, ah! Nikikumbuka natabasamu peke yangu.

Kwaya ikitoka misani ilipita uani kwetu. Mama ndiye aliyeanzisha. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikatiki, na wanawake wenzake waliipokea kwa vigelegele. Mwaka mmoja baba aliiweka redio kaseti juu ya kinu kilichopinduliwa, akarekodi wimbo mzima, kisha akavunja vile vipande viwili vya juu ya kaseti ili asije mtu akarekodi tena. Ikawa hiyo ndiyo Natali yenyewe, haipigwi siku nyingine yoyote. "Hii si ya kuchezea," baba alisema kila mwaka, nasi tulikaa mkekani tukimsikiliza mama, na mama mwenyewe yuko jikoni anaona haya.

Nilipofika miaka kumi na mbili, kaseti haikuonekana. Tulipekua kabati, tukapindua magodoro, wapi! Mimi sikuhitaji kufikiri sana. Zuhura, binti wa Bi Saumu, alikuwa na wazimu wa taarabu, na nani asiyejua kwamba ukiziba yale matundu kwa karatasi unarekodi juu ya wimbo wa mtu? Nikamwendea mlangoni kwao mbele ya wageni. "Mwizi! Umemfuta mama yangu!" Machozi yakamlengalenga, akageuka akaingia ndani. Kwangu ule ulikuwa ushahidi tosha. Mama alinivuta sikio mpaka nyumbani. "Veronika, koma. Kaseti haikuibwa." Nikaona anawasitiri majirani tu. Tangu siku ile sikumsemesha Zuhura tena. Hata alipoolewa sikwenda.

Kisha vita vikatutawanya. Sisi tulikimbilia kusini, wao wakavuka mpaka pale Namoto hadi Mtwara, Tanzania. Mama alifia ukimbizini, na sauti yake sikubaki nayo popote. Nilirudi Mocímboa, na kila Natali nikikuna nazi nilikuwa namlaani Zuhura kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Natali iliyopita, mchana, sauti iliyorekodiwa ikaingia kwenye simu yangu kutoka namba ya Tanzania nisiyoijua. Nikasema hawa ndio wale matapeli. Nikamtumia mwanangu Delcio aifungue kwenye simu yake, kama ni balaa limkute yeye. Akacheka, akafungua.

Alikuwa mama. Sauti ile ile nyembamba, na vigelegele nyuma yake. Lakini moyo ukakataa kuamini. Hii ni mashine, nikasema, kuna mtu anachezea marehemu wangu. "Zima!" Kabla Delcio hajazima, mama akakatika katikati ya ubeti. Pakapita mkwaruzo, kisha mtoto wa kike akaanza kwa Kireno cha kuungaunga, anamwigiza mtangazaji: "Boa tarde, caros ouvintes!" Akamtumia salamu mbuzi wetu Kipara, akaimba wimbo fulani wa redioni, ovyo kabisa, mpaka upande wa kaseti ukaisha.

Delcio alicheka mpaka akaniona uso. Mchezo ule wa utangazaji niliucheza peke yangu, nyuma ya nyumba, kwa kaseti yoyote ya baba niliyoidaka, na iliyokataa kurekodi niliiziba kwa karatasi ya daftari. Hakuna mashine inayomjua Kipara.

Nikaipigia namba ile. Akapokea Zuhura, sauti imekuwa ya mtu mzima.

"Mama yako alikukuta ukirekodi," akasema. "Akaichomoa ulipokwenda kuoga, akamletea mama yangu aifiche, akatuapisha. Alisema ukijua ulichofanya utalia kila Natali." Bi Saumu alipokimbia alibeba msahafu, sufuria moja na kaseti hiyo. Alipofariki, Zuhura akaikuta sandukuni, akaipeleka kwa fundi redio aitie kwenye simu, na namba yangu akaiulizia kwa watu wa Mocímboa.

"Na siku ile nilipokuita mwizi?"

"Nilikuwa nimeapa, dada."

Nikalia, naye akanisubiri kwenye simu bila kukata.

Watoto wa leo nyimbo zao haziishi. Wakifuta moja, jioni wanaipata tena, ndiyo maana hakuna hata mmoja anayekaa mkekani kuusikiliza wimbo kana kwamba utapotea. Nawaonea wivu, na nawaonea huruma. Enzi zetu wimbo ukifutwa umekwenda. Mama ninaye nusu wimbo, na nusu hiyo ipo kwa sababu watu niliowaita wezi waliificha mbali na mkono wangu.