Gari Nililowapa Kina Mama kwa Mdomo

Jamani, mimi ni mkosaji, na sitafuti wakili. Jina langu liacheni lilipo. Wapo wanaonifahamu Kariakoo hadi leo, na wakipiga soga nami asubuhi hawajui wanapiga soga na mtu wa namna gani. Nayasema haya kwenu kwa sababu hamnioni uso.

Mdomo wangu ndio uliomwua rafiki yangu. Sikumshika, sikumwekea sumu. Mdomo!

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi. Nikinyeshewa manyunyu, nitakwambia ilikuwa gharika. Nikinunua kibua sokoni, ukinikuta kesho amekuwa nguru, keshokutwa ni papa aliyetaka kunitoa mguu. Sekondari niliisoma jioni baada ya kazi, mtu mzima na ndevu zangu, na siku nilipopata cheti cha kidato cha nne niliutangazia mtaa kwamba wasahihishaji waliposoma majibu yangu walisimama wakapiga makofi. Watu walinipenda kwa hilo. Nikiingia mahali, vicheko vinaanza kabla sijakaa.

Darasani nilikaa dawati moja na Shukuru, fundi viatu wa Ilala. Hesabu zilikuwa zinanitoa jasho, na ni yeye aliyekuwa akinielekeza, taratibu, bila kunidharau. Bila Shukuru cheti kile ningekiona kwa wenzangu tu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Nani asiyeikumbuka? Sabuni za kunukia, redio kubwa kama kabati, vitenge vya nje, mitumba imelala barabarani, kila mtu Kariakoo kageuka mfanyabiashara. Lakini hospitali nazo zikaanza kudai mchango, viwanda vikapunguza watu, na ule ugonjwa ambao hatukuutaja kwa jina ukawa unatoka nyumba hii unaingia ile. Tulisema tu, "Fulani kakanyaga miwaya," tunatazamana, tunabadili mazungumzo.

Shukuru naye akaugua.

Alikuwa amepanga chumba kule bondeni, Jangwani. Ndugu zake wako mbali, mkoani. Wapangaji wenzake wakaacha hata kupita karibu na mlango wake. Na mimi? Nilikwenda siku za mwanzo na machungwa yangu, nikakaa kizingitini, nikamtolea vichekesho, nikaondoka. Kumwosha sikuweza. Kumgeuza kitandani sikuweza. Naandika haya mkono unaniwasha kwa aibu.

Waliomwosha ni kina mama wa ndoo.

Hawakuwa na jina jingine. Kiongozi wao alikuwa Mama Chausiku, mkaanga vitumbua wa Ilala. Kila jioni yeye na wenzake walipita nyumba kwa nyumba na ndoo zao, na kila mwenye nyumba anatia alichonacho: konzi ya unga, sukari kidogo, kipande cha sabuni, mkaa. Asubuhi wanagawana wagonjwa. Huyu anaogeshwa, yule ananyweshwa uji, mwingine anafuliwa shuka. Glavu hawana, wanajifunga mifuko ya plastiki mikononi. Hivyo tu, siku nenda siku rudi, na hakuna aliyewalipa.

"Shikamoo, Mama Chausiku."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio leo kamaliza kikombe kizima!" aliniambia siku moja, na alivyochangamka ungedhani mwanawe kafaulu mtihani.

Sasa sikilizeni kosa lilikoingilia.

Wakati huo nilikuwa nauza vitambaa kwenye duka la Mzee Pragji, Mhindi mzaliwa wa hapohapo Kariakoo, Kiswahili chake kinakushinda wewe. Yeye na wafanyabiashara wenzake wa mtaa walikuwa na mfuko wao wa hisani. Kila mwenye duka anachangia, na kila mwaka kabla ya masika wazee wanakaa, wanachagua kikundi kimoja cha mtaani, wanakibeba mwaka mzima.

Desturi yao ilikuwa hii: kikundi hakijiombei. Anasimama mtu anayekijua, anakisemea, na neno lake linapokewa kama lilivyo. Hakuna kwenda kuchungulia nyumbani kwa watu. Kariakoo ya wakati ule marobota ya nguo yalikuwa yanatoka dukani kwa neno la mtu tu, kwa hiyo wazee waliona ni aibu kumhoji mtu kwenye sadaka wakati kwenye biashara hawamhoji.

Mama Chausiku akanijia dukani, mikono ingali na mafuta ya vitumbua.

"Mwanangu, wewe umesoma na unajua kusema. Tusemee. Tunataka glavu, sabuni, mipira ya kutandika vitandani, na unga wa uji. Basi."

"Mama, niachie mimi! Nitawasemea mpaka wazee walie!"

"Wasilie. Watupe sabuni."

Ikafika Jumapili, alasiri, duka limefungwa, wazee wamekaa juu ya majora ya vitambaa. Aliyenitangulia alivaa suti, ana mkoba mkononi, akawasemea vijana wa cherehani wa mtaa wa Gerezani. Alisema vizuri yule bwana! Vijana wana mwalimu, wateja wanawakimbilia, kesho na keshokutwa watashona nguo za mawaziri. Wazee wakawa wanaitikia kwa vichwa, wameridhika.

Mimi pembeni wivu ukanipanda. Nikajiambia, baada ya maneno haya nikisimama na habari ya mifuko ya plastiki mikononi, si nitaonekana nimeleta ombaomba?

Nikasimama. Nikakohoa. Mungu wangu, kwa nini hakikunikaba kile kikohozi!

"Wazee wangu," nikasema, "hawa msiwaone kina mama, hii ni hospitali kamili inayotembea! Mgonjwa akishapita mikononi mwao, jioni unamkuta uwanjani anacheza namba tisa!"

Wakacheka. Nikasikia raha, nikaongeza.

"Wazungu wamesikia habari zao huko kwao. Wamekuja, wamepiga picha, wamelia! Na sasa hivi ninavyosema, gari la wagonjwa liko njiani. Jeupe, jipya, lina king'ora!"

Gari, jamani! Sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu likiwa na magurudumu yake yote. Mzee Mwinchande, muuza nazi wa jumla, akapiga paja, "Huyu kijana ana maneno huyu!" Nami nikazidi kunoga, nikalitafutia na dereva.

Mzee Pragji hakucheka. Alinitazama, akauliza polepole, "Hilo gari ni la kweli, au ni porojo zako za dukani?"

Hapo, ndugu zangu. Hapo ndipo penyewe. Mlango aliniachia wazi. Ningesema, "Porojo, Mzee, nisamehe, hawana hata glavu," mambo yakaisha. Lakini nikawaona wazee wote wananitazama. Nikaona mimi ndiye ninayeshika fedha za duka lake, na nikijiita mwongo mbele ya watu wale, kesho nani ataniachia droo?

"Kweli tupu, Mzee," nikasema. "Limeshapanda meli."

Akawageukia wenzake. "Basi hao wameshapata mtu. Sisi tumshike ambaye hajapata."

Vijana wa cherehani wakapewa. Walistahili, sina kinyongo nao hata chembe. Mimi nikabaki nimesimama, tabasamu limenigandia usoni kama nimepigwa picha.

Mngedhani ubaya uliishia hapo. Hata!

Mzee Mwinchande alikuwa mtu wa furaha, mtu wa kushangilia kheri ya mwenzake. Akatoka pale na habari njema. Akaieleza msikitini, akaieleza barazani, akaieleza kwenye nazi zake sokoni. Kabla ya wiki kwisha, Ilala nzima inajua kina mama wa ndoo wamepata Wazungu na gari.

Jioni wakapita na ndoo zao kama kawaida.

"Hodi wenyewe!"

"Nyie tena? Si mna wafadhili nyie!"

"Wafadhili gani, shoga?"

"Aa, usitufanye watoto. Mnaficha gari la watu, mnakuja kutukombea unga wetu?"

Mwingine akapigia kelele dirishani, "Hilo gari linakwenda kwa petroli au kwa uji?" Kicheko. Mlango ukafungwa. Nyumba ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Ndoo zikarudi zinagonga tupu.

Ikawa mbaya zaidi ndani kwa ndani. Wenzake wakaanza kumshuku Mama Chausiku. Kwa nini habari za gari wazijue watu wa nje, wao wasizijue? Lazima mwenzao kapokea kitu, anakula peke yake. Mmoja akajitoa, wa pili akajitoa, wakanuniana mpaka hawasalimiani. Wanawake waliokuwa wakisaidiana kubeba maiti, mimi nikawagombanisha kwa gari ambalo halipo!

Mama Chausiku akaja tena dukani. Safari hii sikumsalimia mimi kwanza, sikuweza.

"Mwanangu, gari gani?"

Nikacheka kile kicheko cha mtu aliyebanwa. "Aa, Mama, nilikuwa nawapamba tu."

"Umetupamba kama bibi harusi, ukatuacha ukumbini hatuna bwana. Nenda kawaambie wazee ukweli. Halafu uje Ilala, upite nami mlango kwa mlango, useme kwa kinywa chako hichohicho."

"Nitasema, Mama. Kesho."

"Kesho yako wewe ina uji?"

Akageuka, akaenda zake.

Na sikusema! Idd ilikuwa inakaribia, duka limefurika, vitambaa vinapimwa mpaka mkono unauma. Kila nikimwangalia Mzee Pragji nasema, leo ana wateja. Leo amechoka. Leo amefurahi, nisimharibie. Kwa Shukuru nako nikaacha kwenda, maana niliogopa kumkuta Mama Chausiku mlangoni. Nikajidanganya kwamba wale kina mama hawashindwi kitu.

Masika yakaingia.

Mama Chausiku alikuwa amebaki na mwenzake mmoja tu. Wagonjwa ni walewale. Ikabidi wagawe siku: leo anafikiwa huyu, kesho yule. Mvua kubwa ilipopiga mpaka bonde la Jangwani likajaa, siku ile haikuwa ya Shukuru. Mama Chausiku mwenyewe alikuwa Ilala, amembeba bibi kizee mmoja mgongoni kumtoa majini.

Mimi nilikuwa dukani, nimekaa pakavu, nawachekesha wateja kuhusu mvua.

Kesho yake mchana, maji yaliposhuka, moyo ulinituma nikaenda. Mwenye nyumba alikuwa amesimama uani anakomba matope.

"Wewe ni nduguye?"

"Rafiki yake."

"Rafiki!" akasema, akatema mate pembeni, akaendelea na matope yake.

Shukuru hakuwa kitandani. Godoro lilikuwa limelowa chapachapa. Alikuwa chini, nyuma ya mlango, amejikokota mpaka pale. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa umeegemea ubao, chini kidogo ya komeo. Hakulifikia. Sufuria kando yake ilikuwa imefutwa kwa vidole mpaka inang'aa. Sijui alitaka kutoka kuikimbia mvua, au alisikia kishindo akadhani kuna mtu anakuja kumfungulia. Sitajua mpaka nakufa.

Mzee Mwinchande ndiye aliyekusanya wanaume wa kumwosha. Nikaingia nao. Jambo lililonishinda akiwa hai anaona, nikaliweza akiwa hasikii. Alikuwa mwepesi! Nilishika kisigino chake nikaona naweza kukizungushia vidole viwili.

Huku tunamwagia maji, Mzee Mwinchande akatikisa kichwa, akasema kwa uchungu, "Sasa wale wa gari walikuwa wapi? Mtu anakufa hivi na kina mama wana gari la wagonjwa? Watu wakipata hugeuka, jamani."

Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo. Mdomo huu unaojua kusema kuliko redio haukutoa hata pumzi.

Baada ya maziko nilikwenda moja kwa moja dukani. Mzee Pragji alikuwa anakunja kitambaa. Nikamwambia yote, nimesimama, sikubakiza kitu.

Aliacha kukunja. Kisha akasema, "Siku ile nilikuuliza kwa sababu nilishajua. Nakujua wewe. Ungesema porojo, tungecheka sote, ningekwambia kaa chini, mwongo wewe, tuwape hao kina mama sabuni yao." Akafuta miwani. "Mimi nilingoja useme mwenyewe, sikutaka kukuvunjia heshima. Na mimi nina kosa langu hapo."

Hakunifukuza. Heri angenifukuza! Kesho yake alituma makasha ya sabuni na glavu Ilala, nikayabeba mimi kichwani. Nikapita mlango kwa mlango na Mama Chausiku, nikasema hakuna gari, hakukuwa na gari, mimi ndiye mwongo. Wapo walionitukana, wapo walionifungia mlango. Mmoja wa wale waliojitoa alilia. Hakurudi. Kina mama wa ndoo hawakuwa tena kikundi, walikuwa wanawake wawili waliochoka wenye glavu nyingi kuliko mikono.

Mama Chausiku hakunilaani. Tangu siku ile akawa ananiita "bwana." Mwanangu hakuniita tena.

Basi nyinyi mnaosimama mbele ya wenye kutoa, mnaosemea yatima, wagonjwa, vikongwe, nawaomba. Msiwavishe nguo za walioshiba ili nyinyi mpigiwe makofi. Anayelala njaa semeni analala njaa. Na kama ulimi umeshateleza, urudishe palepale, usiondoke pale pa kikao kabla hujaurudisha, maana ukishatoka mlangoni maneno yana miguu kuliko wewe.

Watakucheka? Uchekwe! Wacheke mpaka machozi yawatoke, upoteze kazi, upoteze jina. Mimi nimezunguka Bongo hii miaka mingi, nimezika wengi, na sijapata kumzika mtu aliyekufa kwa kuchekwa.