Neno Nililomwambia Beki

Watu wakinikuta sokoni Ujiji huniuliza kwa nini sionekani tena kwenye timu ya taifa. Huwa nawajibu kwamba niliumia, maana jibu hilo halizai maswali mengine. Ukweli ni kwamba mimi sikuumia popote. Aliyeumia ni beki wa timu pinzani, na kwa nini paja lake liliondoka na nafasi yangu, hata mimi mwenyewe sijaelewa sawasawa.

Labda nianze na mama. Mama ni Muha wa Kagunga, lakini mimi nimekulia Katonga, kwenye mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, ambako amekuwa akiuza dagaa wakavu tangu nipate akili. Wauzaji wengi pale ni wenye asili ya Kongo na lugha yao ya biashara ni Kiswahili. Kwa hiyo wateja wanaotoka Burundi, wakitaka kushauriana bei, hugeukiana tu na kusema Kirundi waziwazi mbele ya muuzaji. Sasa Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja. Mama angeweza kukaa kimya, akasikia kiwango chao cha mwisho, akakaza hapohapo. Hakufanya hivyo hata siku moja. Wakifungua tu kinywa, anawawahi na salamu ya Kiha, “Mwakeye,” wajue kwamba wanasikika. Wao wanacheka kwa aibu, bei inaanza upya, na mara nyingi mama anapata pungufu ya ambacho angepata akinyamaza. Nilimwona akifanya hivyo utoto wangu wote na hakunieleza sababu. Mimi nikaichukua kuwa ndiyo adabu.

Mpira niliujulia mchangani hapohapo, siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika kwa kuwa taa zao haziwavuti dagaa. Walikuwa wakinipanga mbele kwa sababu nilikuwa na mbio na nilikuwa mbishi. Baadaye klabu moja ya wanawake ya Dar es Salaam ikanichukua, nikacheza misimu kadhaa, nikafunga mabao ya kutosha hadi nikaitwa timu ya taifa. Niliitwa, nikakaa benchi. Nikaitwa tena, benchi. Nilikasirika sana, na hasira zangu hazifichiki. Kocha akaniambia siku ikifika atanipa mechi moja nzima, na nikiiharibu nisimlaumu mtu.

Siku ikafika. Mshambuliaji wetu wa kulia alikuwa mgonjwa, na tulikuwa tunacheza na Burundi.

Nilimkaba roho beki wao wa kushoto tangu filimbi ya kwanza. Kipindi cha kwanza hakijafika mbali, tukakimbilia mpira pamoja, akapunguza mwendo ghafla na kushika paja. Mpira ukatoka. Akamgeukia beki wao wa kati na kumwambia kwa Kirundi kwamba msuli umekwisha, hawezi kugeuka, lakini asiwaambie watu wa benchi maana yeye akitoka leo hatarudishwa kikosini. Amsogelee tu na kumfunikia. Nilikuwa karibu kiasi cha kuhesabu matone ya jasho lake, na nilisikia kila neno.

Mshambuliaji gani atapewa habari kama hiyo asishukuru? Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza na kumpitia upande huohuo mpaka jioni. Badala yake kinywa changu kikafunguka chenyewe.

“Ihangane,” nikamwambia. Ni neno la kumpa pole aliyeumia.

Akanitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Kisha akamtazama mwenzake. Kuanzia hapo hawakusema kitu tena, walionyeshana kwa mikono, na kila nilipopata mpira nilikuta wawili wananisubiri badala ya mmoja. Kocha alikuwa pembeni akipiga kelele nimkimbize yule beki, nimkimbize, kwamba haoni ninangoja nini. Nilikuwa namkimbiza, napoteza mpira.

Wakati wa mapumziko alinivuta kando akaniuliza kuna nini. Ningeweza kusema lolote. Nikamweleza ilivyokuwa. Akauliza taratibu, “Yaani ulisikia siri yao, ukampa pole?” Wenzangu waliosikia wakaangua kicheko, nami nikacheka kidogo, sijui kwa nini. Sikurudi uwanjani. Mechi iliisha bila bao, na tangu hapo sijaitwa. Sijui kama ni kwa sababu ya neno lile au kwa sababu wamepatikana wasichana wanaocheza vizuri kuliko mimi. Hakuna anayekupigia simu kukueleza kwa nini hakupigii simu.

Msimu ulipoisha nikarudi nyumbani. Nilimkuta mama Katonga anageuza dagaa kwenye chanja, nikashika upande wa pili tukageuza pamoja, nikamsimulia yote. Nakiri kwamba nilitegemea sifa. Nilidhani atasema nimelelewa vizuri, na mimi nitajua angalau nimepoteza nafasi yangu kwa jambo la maana.

Mama aliacha kugeuza.

“Ungenyamaza, mwanangu,” alisema. “Kwa nini ulisema?”

Nikamwambia kwa ukali kwamba nilisema kwa sababu yake, kwamba nimemwona maisha yangu yote akiwasalimia Warundi kabla hawajataja bei. Alishangaa kweli. Akasema ile ni biashara tu: mteja akigundua baadaye kwamba ulimsikiliza kimyakimya, anahamia meza nyingine na anawaambia wenzake. Yeye hupunguza leo ili auze tena soko lijalo.

“Mimi nawasalimia ili warudi,” akasema. “Wewe yule beki ulitaka arudi?”

Nilitaka kumjibu kwamba hilo ni swali la kijinga. Hasira ilikuwa imenifika hapa. Lakini nilipofungua kinywa nikasema ndiyo, na nikajishangaa, maana miezi yote ile ya kambi za timu ya taifa hakuna aliyewahi kusema lugha yetu karibu na masikio yangu, na wa kwanza kuisema, japo kwa Kirundi, alikuwa yule beki.