Taa ya Kopo Dirishani

Ko, ko, ko. Msumari juu ya kopo la samli. Hata leo nikisikia fundi bati anagonga mahali, vidole vyangu hujikunja vyenyewe kama vimeshika kitu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kulishika kopo lisizunguke wakati kaka yangu Daudi akilitoboa.

"Eseta, shika sawasawa. Ukitikisika, nyota itakuwa kaa."

"Na kaa naye si kiumbe cha Mungu?"

"Kaa hakuwaongoza mamajusi, wee. Shika."

Tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha nyumba yetu Majengo, jua la alasiri miguuni, Mama yuko uani anakuna nazi. Krismasi ilikuwa imekaribia. Vita, kwetu sisi, ilikuwa bado jambo la kuhadithiwa. Tuliijua kwa manowari zilizojaa Kilindini, alikofanya kazi Daudi ya kupakua mizigo. Tuliijua kwa sukari iliyoadimika. Zaidi tuliijua kwa amri ya giza: jua likishatua, mwanga wowote usionekane nje, hasa upande wa bahari, maana tuliambiwa nyambizi za adui zinanyemelea meli huko nje.

Mimi nilikuwa msichana mdogo niliyeishia darasa la nne, na kichwa kimejaa ndoto. Nilikuwa naota usiku, naota mchana, na kila ndoto lazima nimsimulie mtu. Baba alikuwa ametutoa Rabai akaja kufanya kazi ya reli, akafa tukiwa wadogo, kwa hiyo Daudi ndiye aliyekuwa akinisikiliza. Yeye na Mzee Nathanaeli.

Mzee Nathanaeli alikuwa mzee wa kanisa letu. Ndiye aliyemshika Daudi siku ya ubatizo, na Baba alipokufa ndiye aliyesimama kaburini akasema watoto hawa sasa ni wangu. Kasisi wetu alikuwa ameitwa kuwahudumia askari mbali, basi Mzee ndiye alikuwa kila kitu: anahubiri, anazika, anasuluhisha waliogombana. Na kwa vile alijua Kiingereza, serikali nayo ikampa utepe wa mkononi na firimbi, awe mlinzi wa giza mitaa ya kwetu. Akiona ufa wa mwanga mlangoni mwako alipiga firimbi hata watoto wakaruka usingizini.

Kanisa lenyewe lilikuwa dogo, la mawe, ukingoni mwa Mji wa Kale, na dirisha moja la upande likitazama mkondo wa bahari. Lilikuwa na desturi ambayo sijaiona kanisa jingine. Siku ya Krismasi taa kubwa huwashwa karibu na madhabahu, na kila nyumba huchukua moto kutoka taa ile, ikaupeleka kwake ndani ya kopo lililotobolewa nyota. Moto ule haufai kuzimika mpaka Epifania, sikukuu ya mamajusi. Siku hiyo nyumba zote hurudisha moto kanisani na kuutia katika mshumaa mmoja mkubwa. Nyumba ambayo moto wake umezimika huja na kopo tupu, na hakuna anayewacheka, lakini wenyewe huinamisha vichwa.

Mwaka ule wa amri ya giza wengi walisema desturi iachwe. Mzee Nathanaeli akakataa. Akasema ibada ifanywe alasiri, watu wafike makwao kabla ya jua kutua, na moto ufichwe ndani ya chungu. Tulimpenda sana kwa neno hilo. Alasiri ile mwanga wa taa ulikuwa mwembamba ndani ya jua, hata nikalazimika kusogeza kiganja nisikie joto ndipo nijue kama unawaka. Nikatembea hadi Majengo nimelikumbatia kopo, Daudi akinikinga upepo kwa kanzu yake.

Jirani yetu wa mlango kwa mlango, Bi Zuhura, ndiye aliyetupa mafuta ya nazi ya kuulisha moto, kwani mafuta ya taa hayakupatikana.

"Haya, chukua," akasema. "Moto wenu wa Kikristo unakula mafuta ya nyumba ya Kiislamu. Sijui utaswali wapi."

Mama alicheka hadi akashika ubavu.

Taa kubwa ya kanisani ilikuwa ikitunzwa na Daudi. Asubuhi na jioni aliitia mafuta, akafagia, akafunga. Alipokwenda Kilindini aliutundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, usije ukamponyoka majini.

Jioni moja, Epifania i karibu, Mzee Nathanaeli alipita kwetu. Jua lilikuwa linazama. Mama alikuwa kisimani. Bi Zuhura amekaa mlangoni pake anasuka ukili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaka yako bado? Basi nipe ufunguo. Nataka nikajizoeze somo la mamajusi, macho yangu siku hizi hayanipi raha."

Nikautungua msumarini nikampa. Akautia mfukoni, kisha akakaa kidogo kama kawaida yake.

"Jana umeota nini?"

Nikamwambia nimeota meli moja imewashwa taa toka mbele hadi nyuma, na sisi sote tuko juu tunaimba, na hakuna aliyetukataza. Akacheka, akanipapasa kichwa, akaenda zake.

Giza likaingia. Tukafunika chungu.

Tukasikia firimbi. Si ya kawaida. Ndefu, ikarudiwa. Halafu gari.

Daudi akaingia, nywele zimelowa. Kazi ilikuwa imekwisha mapema, akapitia Makupa kuoga baharini, peke yake.

"Kuna nini huko?" akauliza. "Askari wamejaa njiani."

Mlango ukagongwa kwa buti.

Mama alisema, "Watoto, kaeni chini." Tukakaa.

Wakaingia askari wanne na tochi zilizofungwa kitambaa. Nyuma yao, utepe mkononi, Mzee Nathanaeli. Mimi nilifurahi kumwona. Nilidhani amekuja kutusaidia.

"Huyu," akasema.

Hakutaja hata jina.

Asubuhi tulikwenda kituoni, Mama, mimi na Bi Zuhura katika buibui lake. Bwana mkubwa aliyekuwa mezani alikuwa mzungu wa manowari, hajui neno la Kiswahili, na mkalimani wake alikuwa Mzee Nathanaeli. Tukaelezwa jambo lilivyokuwa. Mwanga ulionekana kutoka dirisha la kanisa, upande wa bahari, muda mrefu. Mashua ya doria iliuona. Mzee alieleza kwamba alifika mbio na firimbi yake, akakuta mlango wazi, ufunguo mlangoni, na mtu hayupo. Na mwenye kukaa na ufunguo kila mtu anamjua.

Daudi alikuwa amesimama ukutani, mikono imefungwa. Aliulizwa alikuwa wapi. Akasema anaoga. Aliulizwa nani alimwona. Akanitazama, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeulizwa samaki wa Makupa wanaitwa nani.

Nikasimama. Sikuitwa, nilisimama tu. Nikasema ufunguo nilimpa Mzee Nathanaeli kwa mkono wangu huu, jua likizama, ili akasome somo. Nikasema Bi Zuhura alikuwapo. Nikasema na neno la macho yake, na mahali alipokaa. Nilisema mengi, pumzi ikanikatika.

Mzee aligeuka kwa yule bwana akayatia katika Kiingereza. Maneno yangu mengi yakatoka machache sana. Katika hayo machache nililijua moja tu, kwa sababu mwalimu alitufundisha darasa la nne kwa kufumba macho na kuegemeza shavu kiganjani. Ndoto.

Yule bwana akanitazama kwa upole. Akanipa hata tabasamu.

"Mzee," nikasema, "hukusema nilivyosema."

"Nyamaza, binti yangu," akajibu. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote.

Bi Zuhura akasogea mbele. "Mimi nimemuona kwa mato yangu. Huyu mzee kapewa ufunguo na huyu mtoto, kautia mfukoni, kaenda. Mwambie! Mwambie kama nilivyosema, usipunguze!"

Mzee akasema kitu kifupi. Bwana akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha Bi Zuhura mlango kwa adabu.

Tulipotoka sikurudi nyumbani. Nilikwenda kanisani. Mlango haukufungwa. Taa kubwa ilikuwa inawaka bado, mafuta yamebaki kidogo. Meza ya kusomea ilikuwa imesukumwa toka mahali pake hadi chini ya dirisha la bahari, na juu ya kizingiti kulikuwa na matone ya mshumaa. Nikaelewa. Macho yake mabovu, joto la kaskazi, moshi wa taa. Mzee wa watu alifungua dirisha apate upepo, akawasha mshumaa aone herufi, akasahau dunia. Mtu yeyote angesahau. Kosa lote la mwanzo lilikuwa hilo tu, dirisha.

Nilirudi kumwambia Mama, nikamkuta Mzee Nathanaeli amekaa kwenye kiti cha Baba.

"Nimewaombea wasimfunge," alikuwa anasema. "Atakwenda na jeshi, kubeba mizigo. Vita ikiisha atarudi. Ila msichana asizidi kusema, mama. Akisema, watachimba, na wakichimba watamtia jela."

Nilingoja Mama amfukuze. Nilingoja kwa moyo wote, hata nikasogea kando ya mlango kumpisha.

Mama alikishika kiganja chake kwa mikono miwili. "Ahsante, Mzee," akasema.

Sijui ni kipi kilichoniumiza zaidi, kitendo cha Mzee au cha Mama. Kwa miaka nilidhani ni cha Mzee. Siku hizi najua Mama alikuwa amefanya hesabu ya mtu asiye na kitu, kijana hai mbali au kijana jela karibu, na hesabu hiyo sitaki kumlaumu nayo. Lakini siku ile nililala na kuamka nikiwa sina mtu.

Siku Daudi anaondoka tuliruhusiwa kumwona langoni Kilindini. Alikuwa amevaa kaptura ya jeshi, kubwa kumshinda.

"Nimesikia wanatupeleka Bama, ng'ambo ya Bara Hindi," akasema. "Huko nako watu wanakula samli. Makopo hayatakosa."

"Kaka, nilisema. Naapa nilisema yote."

"Najua. Nilikuona ukihema." Kisha akaacha mzaha. "Usiache taa izimike, Eseta."

Epifania hiyo Mama alirudisha moto wetu peke yake. Mzee Nathanaeli aliupokea, akautia katika mshumaa mkubwa pamoja na wa wengine. Sikwenda. Nilikaa kibarazani na Bi Zuhura, akinishikisha ukili bila kuniuliza neno.

Daudi hakurudi. Mama aliitwa ofisini akaambiwa, akarudi akiwa ameshika kanga yake kifuani kama imechanika. Homa ya msituni, walisema. Jumapili ile Mzee Nathanaeli alipanda mimbarini akamwombea. Alisema kijana huyu alitoa uhai wake kwa ajili ya wengine. Watu walilia, naye alilia, machozi ya kweli kabisa. Nilikuwa kiti cha tatu, nikayaona yakishuka. Nilijaribu kuyachukia machozi hayo nikashindwa, na kushindwa huko ndiko kulikonichosha.

Vita ikaisha. Krismasi ya kwanza ya amani tulisali jioni, milango wazi, na mji mzima uliwaka. Manowari zilizobaki Kilindini zilitandazwa taa toka mbele hadi nyuma. Nilikwenda kuzitazama. Zilikuwa kama nilivyoota, isipokuwa sisi hatukuwamo.

Kazi ya kufagia kanisa na kutunza taa ilikuwa sasa yangu, niliiomba mwenyewe. Ufunguo kila jioni nilimpelekea Mzee Nathanaeli, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha karibu kabisa. Aliupokea akiupapasa.

"Eseta, siku hizi unaota nini?"

"Siku hizi sioti, Mzee."

Uongo. Nilikuwa naota kila siku. Sikutaka tu awe na ndoto zangu tena.

Epifania ikafika. Nyumba zikaleta moto wao. Nilikuja na kopo la Daudi, lile la nyota ambayo kwa kweli mguu wake mmoja ulipinda ukafanana na gando la kaa, kosa langu la kutikisika. Nilisimama foleni hadi karibu na mshumaa mkubwa, Mzee ameushika, mkono wa mtu ukiuongoza mkono wake. Nilipofika nikapita bila kuutia wa kwetu. Hakuna aliyenizuia. Pengine walidhani moto wangu umezimika.

Walipoondoka wote nilifagia kama kawaida. Kisha nikaenda kwenye dirisha la bahari, nikavuta komeo lililokuwa limeshika kutu, nikalifungua mbao zote mbili. Nikaweka kopo juu ya kizingiti, palepale penye alama za nta, nikalitia mafuta ya Bi Zuhura hadi juu. Nyota ikaanguka ukutani nyuma yangu, gando na vyote.

Nikaliacha linawaka. Nikafunga mlango kwa nje, na jioni ile ufunguo sikumpelekea mtu. Niliutundika nyumbani, kwenye msumari wake.