Kadi Nilizoziita Ulezi

Kabla ya kompyuta nilikuwa fundi redio, na fundi redio wa wakati wangu hakukosa kipande cha msasa mezani. Biashara ya bidhaa za nje ilipofunguliwa na redio kaseti zikaanza kumiminika Sumbawanga, mafundi tuliongezeka haraka kuliko redio zenyewe. Kila chipu ilikuwa na namba yake mgongoni, na aliyeijua namba aliweza kuagiza nyingine kama hiyo na kumaliza kazi. Kwa hiyo nikishajua chipu fulani inafanya nini, niliikwangua namba mpaka ikafutika kabisa, ili mteja akienda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara pale mtaani kwetu Milanzi, yule fundi asiambulie kitu. Naye alinifanyia vivyo hivyo. Kila asubuhi tulisalimiana vizuri tu.

Namba niliyoifuta niliipa jina langu mwenyewe. Nilitumia mazao ya kwetu. Kikuza sauti kidogo nilikiita Maharage, kile cha spika mbili nikakiita Ngano, na kadhalika. Majina hayo niliyaandika kwenye daftari ambalo hata mke wangu hakuruhusiwa kulishika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mafundi wengi wenzangu hawakufika huko, na niliamini kwamba kuficha ndiyo elimu.

Ndipo kompyuta zikaja. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, ambaye familia yake ilikuwa na maduka na malori, alileta kompyuta kumi na moja zilizotumika kutoka Dar es Salaam, akanipa kazi ya kuzisafisha na kuziamsha kabla hazijaenda kwa wanunuzi. Ndani ya kila moja kulikuwa na kadi ya sauti, kibao kidogo kinachoifanya kompyuta itoe sauti. Zote zilikuwa za kijani, zote zina matundu matatu, zote zina chipu moja kubwa katikati. Nilizitazama mara moja, nikachukua msasa. Kwenye daftari nikaandika neno moja kwa kadi zote kumi na moja: Ulezi. Hata moja sikuigeuza kuangalia nyuma.

Moja ya kompyuta hizo ilikwenda kwenye shule ya sekondari, kwa ajili ya mwalimu wa historia aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima. Alikuwa akifundisha kwa kichwa, na mwalimu mwenzake alimsomea majibu ya wanafunzi ili asahihishe. Mwenzake huyo akahamishwa. Afisa elimu akasema mwalimu asiyeweza kusahihisha hawezi kubaki darasani, atafutiwe kazi ya ofisini. Mama huyu hakulia. Aliuliza huku na huku mpaka akasikia kuna programu inayosoma maandishi ya kompyuta kwa sauti, akamwambia afisa: wanafunzi watachapa majibu, mashine itanisomea; nipe nafasi nikuonyeshe.

Programu hiyo ilifanya kazi kwenye mfumo wa bure ambao mwalimu wa hesabu wa shule ileile, kijana mkimya, alikuwa anaupenda kuliko chakula. Alinieleza hivi. Moyo wa mfumo unaitwa kiini. Ndani ya kiini kuna vipande vidogo vinavyoitwa draiva, na kila draiva inajua kuongea na kifaa fulani. Kompyuta ikiwaka, kiini huuliza kila kadi, wewe ni nani? Kadi hujibu kwa namba mbili, moja ya chipu na moja ya bodi iliyobeba chipu. Draiva inatazama orodha yake. Ikizikuta namba hizo, inajua la kufanya. Kadi zetu hazikuwamo kwenye orodha, kwa hiyo aliamua kuziandika.

Alikuja kibandani kwangu na karatasi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu."

"Nimekuandikia amri. Ukiiandika kwenye mashine, kadi itakutajia namba zake. Nataka za mashine zote kumi na moja."

"Zote ni Ulezi."

"Ulezi ndiyo nini?"

"Ndiyo aina yake."

Akacheka. "Fundi, kiini hakili ugali wa ulezi. Kinataka namba. Uulize kila mashine, moja moja. Chipu zinaweza kufanana, bodi zisifanane."

"Mwalimu, mimi nafungua redio tangu wewe unakimbiza panzi. Nitakuletea."

Niliiuliza mashine moja tu. Ilikuwa karibu na mlango na tayari imewashwa. Namba zake nikazinakili mara kumi na moja kwenye karatasi, nikampelekea. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Akauandika mstari wake, akaujaribu kwenye ileile mashine ya mlangoni, ikasema. Akaweka kiini hicho kwenye mashine zote, kisha akaenda Mbeya kwenye mafunzo ya mwezi mzima. Mashine zikasambaa: nyingine kijiji cha Kate, nyingine Laela, nyingine kwenye ofisi za mjini ambako walichotaka ni kuchapa barua tu.

Siku ya kumwonyesha afisa, niliitwa shuleni kama fundi. Mkuu wa shule alikuwepo, afisa alikuwepo, na mwalimu wa historia alikaa mbele ya kompyuta, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, mikono juu ya vitufe. Alibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Spika zilikuwa zimewaka taa lakini hazikutoa hata mkwaruzo.

Afisa akanigeukia. "Fundi, tatizo nini?"

Nilichosema pale sijakisahau. Nilisema, "Mashine niliiacha nzima, mzee. Labda mwalimu amebonyeza pasipotakiwa. Si unajua hali yake."

Mwalimu aligeuza uso kufuata sauti yangu. "Nimebonyeza nilipofundishwa, fundi. Hali yangu iko machoni, haiko vidoleni."

Mkuu wa shule alikohoa. Afisa akafunga faili lake, akasema atarudi Ijumaa ya wiki inayofuata, na kwamba kwa sasa kidato cha pili cha mwalimu kikabidhiwe mwingine. Ikiwa Ijumaa mashine haisemi, barua ya uhamisho iko tayari.

Walipotoka nilibaki na mashine, nikaandika ile amri niliyopaswa kuiandika mwanzo. Namba ya chipu ilikuwa ileile. Namba ya bodi ilikuwa nyingine kabisa. Nikafungua kasha, nikaitazama kadi kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kujua, na karibu na matundu nikaona kikuza sauti ambacho kadi ya mashine ya mlangoni haikuwa nacho. Kilikuwa kimelala, kinasubiri kuamriwa kiwake. Draiva haikujua kwamba kipo, kwa sababu mimi niliiambia bodi zote ni moja.

Njia ya mkato ilikuwa kubadilisha kadi, nikatafute inayosema niichomeke hapa. Lakini ipi? Ile ya mlangoni ilikuwa Kate, ni mali ya mtu. Nyingine sikujua ni za namna gani. Zote zilikuwa Ulezi, na zote nilikuwa nimezipiga msasa.

Jumatatu nilikwenda kibanda cha simu nikampigia mwalimu wa hesabu.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Niliuliza mashine moja."

"Fundi, ile orodha nilishaituma kwa watu wanaotunza kiini. Watu wa nchi nyingine wanaitumia. Jina langu liko chini yake."

"Nisamehe."

"Tutasameheana baadaye. Una kalamu? Utaandika mstari mwenyewe."

"Mimi?"

"Mimi nimefungiwa darasani huku. Ni nani mwingine Sumbawanga?"

Akanisomea neno kwa neno. Faili gani nifungue, orodha inaanzia wapi, niweke namba ya chipu, mkato, namba ya bodi, mkato, jina, mkato, kisha neno la kukiamrisha kikuza sauti kiwake. Baada ya hapo kiini chote kijengwe upya.

"Kwenye jina niandike nini?"

"Jina la mtengenezaji na la modeli, kama yalivyochapwa. Mtu wa Brazili akiwa na kadi kama hiyo alisome aitambue."

"Nimeyakwangua."

"Umekwangua chipu. Bodi umeigeuza?"

Sikuwa nimeigeuza. Nilirudi shuleni nikaichomoa kadi, na mgongoni kwake, kwa herufi nyeupe ndogo, yote yalikuwepo. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nalinda siri iliyoandikwa upande wa pili.

Kabla ya kuandika chochote nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaomba mwalimu aitwe. Nilisema mbele yao wote wawili kwamba kosa ni langu, kwamba hakubonyeza vibaya, kwamba nilisema vile kuokoa jina langu. Mkuu alitazama dirishani. Mwalimu aliuliza jambo moja tu.

"Ijumaa itasema?"

"Itasema."

"Mara ya kwanza pia ulikuwa na hakika."

"Sasa sina hakika, mwalimu. Ila sitaondoka mpaka iseme."

"Basi nami nitakaa hapohapo. Nitasikia ukiondoka."

Jumanne niliandika mstari wangu. Mstari mmoja, na ulinichukua asubuhi nzima. Nilianza kukijenga kiini, maandishi yakashuka kwenye kioo kama mvua ya masika, kisha yakasimama. Nilikuwa nimesahau mkato mmoja. Nikarekebisha, nikaanza tena. Mashine ile ilikuwa ya polepole, kazi ilihitaji saa sita, na jioni shule ikafungwa kabla haijaisha.

Jumatano nilianza saa mbili asubuhi. Saa saba mchana umeme ukakatika.

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma yangu, anafuma sweta, maana baridi ya huku juu haina huruma. "Feni imenyamaza," akasema.

"Umeme umekatika."

"Ilikuwa imefika wapi?"

"Karibu na mwisho."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuchapa," akasema, bila kuacha kufuma. "Anza tena."

Alhamisi nikaanza tena. Kwanza nilikwenda kumwomba fundi wa ng'ambo ya barabara jenereta yake ndogo, yule niliyemfichia namba kwa miaka. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akashika meza.

"Jirani, kumbe siri umejifichia mwenyewe!"

"Cheka, lakini nipe jenereta."

Aliibeba yeye mwenyewe mpaka shuleni, akakaa akiilisha petroli, na kila mvumo ulipobadilika aliniuliza kama zao langu limeiva. Saa tisa alasiri kazi iliisha. Nikazima mashine, nikaiwasha upya, nikamwachia mwalimu kiti.

Alibonyeza.

Spika zikakwaruza, halafu sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ya kiume, kavu, inayosoma Kiswahili kama Mzungu aliyeshuka juzi kwenye ndege. Mwalimu aliinamisha kichwa. Akaandika swali la mtihani kuhusu biashara ya misafara, mashine ikalisoma, akalirekebisha, ikalisoma tena. Jirani yangu aliacha kucheka.

"Inatamka vibaya sana," nikasema.

"Nafundisha kidato cha kwanza, fundi. Nimezoea."

Ijumaa afisa alikuja saa nne. Mwalimu alimsomea, kupitia mashine, karatasi nzima ya maswali aliyoiandaa mwenyewe, kisha akamwomba afisa achape jibu lolote. Afisa akachapa kwa kidole kimoja. Mashine ikasoma, na mwalimu akamwambia amekosea karne. Barua ya uhamisho ikarudi ndani ya faili. Alibaki darasani. Lakini kidato cha pili hakurudishiwa. Mwalimu mwingine alikuwa ameshaanza nacho, na mkuu hakutaka kuwachanganya watoto karibu na mtihani. Wale aliokuwa nao tangu kidato cha kwanza walifanya mtihani bila yeye. Hilo ni deni langu, na sijapata namna ya kulilipa.

Jumatatu iliyofuata nilimwomba mwalimu wa historia msaada. Nilitaka kuzifuata mashine zote kumi, kila ilipo, niulize kila kadi namba zake, tuiandike orodha ya kweli ya kumtumia mwalimu wa hesabu. Alikubali kwa sharti kwamba orodha ataiandika yeye. Kwa wiki tatu nilipanda malori na baiskeli, Laela, Kate, ofisi hii na ile. Wenye mashine walinishangaa, fundi amekuja bila kuitwa na hataki malipo. Kati ya kumi, tatu nyingine zilikuwa bubu bila wenyewe kujua. Jumla nilikuta bodi za aina tatu, si moja.

Niliporudi tulikaa chumba cha kompyuta, mimi nasoma, yeye anaandika, mashine inarudia kila herufi.

"Namba ya bodi," nikasema harakaharaka. "Moja, sifuri, nane, D."

Mashine ikarudia. Mwalimu akaondoa mikono kwenye vitufe.

"Umesoma kwenye karatasi au kichwani?"

Nikatazama karatasi. Nilikuwa nimeandika B, mwandiko wangu mbaya, nikaisoma D.

"B," nikasema. "Ni B."

"Ulikwenda mwenyewe? Uliiona kwa macho yako?"

"Niliiona. Iko Laela, kwenye ofisi ya kijiji."

"Basi soma tena, yote, tangu mwanzo. Polepole."

Nikasoma tena, tangu mwanzo.