Gunia la Chumvi Juu ya Cherehani

Mwatima binti Jecha hakuwa mtu wa kutulia. Hata akizungumza na wageni, mikono yake ilikuwa lazima ishike kitu: ukili wa kusuka, mchele wa kuchagua, pindo la nguo. Alipofiwa na mumewe, Kificho, kule Msuka, wengi walidhani atarudi kwao Kengeja, kusini ya kisiwa. Hakurudi. Alibaki katika nyumba ya marehemu pamoja na wifi yake, Mwanawema, na cherehani ya mkono aliyonunuliwa na Kificho msimu mmoja karafuu zilipozaa kweli kweli. Kazi yake ilikuwa kanzu, kanzu nyeupe za Ijumaa, na watu walikuwa wakimletea vitambaa hata kutoka Konde.

Mwaka wa hamsini na tisa, masika ndiyo kwanza yanaanza, ilikuja habari kwamba mama yake, Bi Mize, ameteleza kisimani na kuvunjika nyonga. Mwatima akafunga kifurushi chake papo hapo.

"Wifi, hilo paa linavuja," alisema akiwa mlangoni. "Niangalilie cherehani yangu."

"Nenda kamuuguze mama," Mwanawema akamjibu. "Mimi nipo."

Gari lilikuwa limeshavuka Wete alipokumbuka kwamba cherehani hakuitia mafuta.

Kengeja mvua haikukatika. Mwatima alimgeuza mama yake kitandani, alimkanda, alimlisha uji kwa kijiko, na huku roho yake haiko pale. Asubuhi moja alikuta kisu cha jikoni, alichokiacha kimelowa usiku, kimeota wekundu. Tangu siku hiyo hakuona kingine. Bawaba za dirisha, panga nyuma ya mlango, msumari uliotundikwa taa, kila chuma kilikuwa kikimomonyoka unga ule ule mwekundu. Akikiona alikisugua na majivu mpaka vidole vikachubuka. Halafu haya zilimshika: mzazi wake yuko kitandani, naye anawaza chuma!

"Mwanangu," Bi Mize alimwambia siku moja, "unanigeuza kama mtu anayekimbilia gari. Una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Unacho. Nikiweza kusimama, utakwenda zako. Sitaki kuuguzwa na mtu nusu."

Mwatima alilia, lakini alikaa. Bi Mize alipoanza kujikongoja kwa fimbo ndipo binti yake alipopanda gari kurudi kaskazini. Njia nzima alikuwa akisogea kwenye ubao wa kukalia, anakaa, anainuka, hata mwanamke aliyekuwa ubavuni mwake akamuuliza kama tumbo linamuuma.

Nyumba aliikuta imefagiwa safi. Mwanawema alimpokea kwa furaha, akamvuta mkono mpaka chumbani.

"Tizama. Paa limevuja kote, lakini hapa halikuingia tone!"

Cherehani ilikuwa imefunikwa gunia zito. Mwatima alilivuta, likawa limeganda. Alipolibandua, harufu ya chumvi ikampanda puani. Chuma kilichokuwa cheusi, kinang'ara, kilikuwa na magamba mekundu. Alishika mkono wa gurudumu. Haukwenda mbele wala nyuma.

"Gunia hili la nini, wifi?"

"La chumvi, la dukani kwa Mmanga. Nililitaka kwa sababu ni nene."

"Umeniua," Mwatima alisema, akatoka nje kwenye mvua bila ya kitu kichwani. Alipoingia tena, Mwanawema alikuwa amekaa chini analia, gunia liko mapajani.

Khatib, fundi wa baiskeli wa Konde, ndiye aliyeitwa. Aliikwaruza cherehani kwa ukucha.

"Chumvi inavuta maji, Bi Mwatima, hata pasipo mvua. Gunia lilikaa na unyevu mchana na usiku, na chuma hakikuwa na mafuta ya kukikinga. Na hii kutu si uchafu uliokuja kukaa juu. Ni chuma chenyewe kinageuka. Hiki kinachopukutika hapa ndicho kilichopungua."

"Itakwenda?"

"Itakwenda. Lakini haitakuwa ile."

Waliilowesha kwa mafuta ya taa, wakaisugua kwa msasa, wakaitia mafuta mazuri. Mwanawema alisugua kuliko wote. Siku gurudumu lilipozunguka, Mwatima alicheka kwa sauti, akashona siku hiyo hiyo kanzu ya mteja wake, Mzee Suud. Alipoinua kitambaa, pembeni mwa mshono palikuwa na mstari wa rangi ya kutu. Chuma kinachoshika sindano kilikuwa kimejaa vishimo, na ndani ya vishimo kutu ilikuwa hai. Alifua kwa ndimu, hakikutoka kitu.

"Si neno," Mzee Suud alisema kwa upole, "nitaivaa shamba."

Upole ule ulimuuma Mwatima kuliko kama angemgombeza. Alishinda akiingia na kutoka, anafungua kabati, analifunga, hajui anatafuta nini. Jioni Mwanawema akamwekea mbele kitambaa cheusi.

"Nishonee buibui."

"Unanicheka, wifi?"

"Sikucheki. Nyeusi haitaonyesha."

Mwatima akakichukua kitambaa, akakitandaza. Kisha akakata. Alishona mpaka Mwanawema akalivaa na kugeuka huku na huku, na kweli, huoni mstari wala doa.

Jirani mmoja aliliona, akaleta kitambaa chake. Halafu mwengine. Na miaka ile wanawake waliporuhusiwa kupiga kura, wengi hawakutaka kwenda kusimama mbele za watu na buibui lililofubaa. Vitambaa vyeusi vikajaa chumbani, Mwatima anashona, Mwanawema anatia vifungo, wakigombana juu ya nani kapoteza mkasi. Kila masika Mwatima aliikagua cherehani asubuhi na jioni, chupa ya mafuta mkononi. Kanzu hakushona tena.