Wakwe Walivyonizimia Taa kwa Makofi

Nianze kwa kukiri, maana najua mmeshaisikia, na mmeisikia vibaya. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mzee wa Malangali, hapa Sumbawanga mjini, ambaye wakwe walikuja kuposa kwake wakaondoka bila kula, na habari ikateremka mpaka Muze kule bondeni kabla sufuria hazijapoa, na huko Muze wakaongeza ya kwao kwamba nyumbani kwangu kuna jini linalopenda muziki. Hakuna jini. Kuna kidude cha plastiki, na leo nawaeleza kila kitu tangu mwanzo, ili mkinicheka mnicheke kwa haki.

Mimi nina mashine ya kusaga nafaka, na katika watoto wangu wa kike aliyebaki nyumbani ni Skola. Mshenga alipoleta habari kwamba familia ya Deo wa kijiji cha Mwimbi wanakuja kuposa, nilifurahi, kwa sababu Deo namjua, ni kijana mtulivu, na Skola alikuwa anamtaka mpaka akawa anaunguza mboga. Kasoro ilikuwa moja. Yule shangazi yake Deo, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo ule (akisema hapana, hata baba yake Deo anakunywa maji na kunyamaza), alisikika akisema watu wa mjini wana majina makubwa na nyumba za kupanga. Mimi! Nyumba niliyoijenga kwa vumbi la pumba, matofali nimechoma mwenyewe, halafu mtu aseme ya kupanga. Nikasema basi, watakuja waone nyumba.

Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi watu wanavyoishi kwenye nyumba janja, mtu anaingia taa zinawaka zenyewe, nikaenda kwenye duka moja la vifaa vya umeme pale mjini nikamwambia mwenye duka nataka nyumba yangu ianze kuwa na akili. Akaniuliza kama nimewahi kutumia hivyo vitu. Nikasema hapana. Basi akanishauri, na hapa nisiseme uongo, alinishauri vizuri: anayeanza achukue balbu moja na plagi moja, azizoee, mengine yatafuata. Nikamwangalia. Balbu moja! Watu watoke Mwimbi na makoti yao kuja kutazama balbu moja?

Akanionyesha balbu zinazowashwa kwa simu, nikauliza zinatumia nini, akasema intaneti. Nikazikataa hapo hapo, maana intaneti ya kwangu wingu likitokea tu juu ya milima ya Mbizi inakimbia. Akanionyesha spika ya kuzungumza nayo. Nikaiambia, mbele ya wateja, iwashe taa. Kimya. Mwenye duka akasema nijaribu Kiingereza, nikajaribu, na Kiingereza changu kina Kifipa kingi ndani yake, spika ikafikiri kidogo halafu ikaanza kunieleza hali ya hewa ya mji nisioujua. Wateja wakageukia ukutani kucheka. Nikaisukuma kule.

Ndipo nikaona, kwenye rafu ya chini, kisanduku chenye plagi zake tatu. Kinasikia makofi. Ukipiga mawili taa inawaka au inazima, ukipiga matatu unawasha redio, manne unawasha kitu kingine chochote utakachochomeka. Hakitaki bando, hakitaki Kiingereza, kinataka mikono. Nikasema hiki ndicho chenye akili kuliko vyote. Na yule mwenye duka, ambaye ni Mfipa kama mimi, mama yake namfahamu, amelelewa kusalimia kwa kuchuchumaa na kupiga makofi kama sisi wote, akakifunga kwenye mfuko na kunitakia kila la heri! Mpaka leo nikipita pale simsalimii.

Jioni nikafunga vitu vyangu. Plagi ya kwanza taa ya sebuleni, ya pili subufa yenye redio, na ya tatu zile taa za rangi za Krismasi nilizozungushia kabati la vyombo, zile zenye kijikengele kinacholia wimbo. Kisanduku chenyewe nikakichomeka nyuma ya kabati kisionekane, nilitaka iwe ajabu. Nikamwita mke wangu, nikapiga, vikawaka. Alitazama, akaniuliza, "Baba Skola, na wageni wakisalimia?"

Nikamjibu, "Wakisalimia wataitikiwa."

(Nikilikumbuka hili jibu huwa natamani kujizaba kofi, na hilo lingekuwa kofi moja tu, lisingewasha kitu.)

Wageni walifika kesho yake mchana, wingu la mvua limetanda, sebuleni giza, na mimi nimeshawasha taa mapema na kukaa pembeni na koti langu. Mnajua siku ya posa baba wa binti haongei. Anayeongea ni msemaji wake, na msemaji wangu alikuwa kaka yangu Festo, mimi kazi yangu ni kukaa kama picha ya ukutani. Skola alikuwa chumbani na wenzake, sikio mlangoni. Wakaingia, mshenga mbele, baba yake Deo, wajomba, na mwisho shangazi mwenyewe na vitenge vyake viwili, akachagua kiti kilichopakana na kabati. Niliona anavyoikagua dari. Nikaona ameridhika. Naapa, niliona ameridhika.

Sasa kwa asiyejua mila zetu, sisi huku humsalimii mkwe ukiwa umekaa. Wageni wakashuka kwenye makochi, wakachuchumaa wote, na wakaanza kupiga makofi, taratibu, kwa heshima, kama inavyotakiwa.

Taa ikazima.

Maneno ya mke wangu yakanirudia yote kwa pamoja. Lakini wageni hawakushtuka, walidhani umeme umekatika, jambo la kawaida, na kama ningeacha vile vile tungeongea gizani na mahari ingepangwa. Sikuacha. Nikapiga makofi mawili, taa ikawaka, na wale wageni, kwa kusikia baba wa binti amepiga makofi, wakajua mkwe anawarudishia heshima, wakasema moyoni huyu mtu ana adabu gani, wakanijibu. Wafipa hatuwezi kupigiwa makofi tukanyamaza! Wakajibu kwa kirefu, na katika yale makofi yao kisanduku kikahesabu kilichotaka, na subufa ikafunguka pale pale sikioni kwa shangazi, sauti niliyokuwa nimeiacha juu tangu jana, na ilikuwa ni saa ya matangazo ya vifo.

"...anasikitika kutangaza kifo cha shangazi yake mpendwa," ilisema redio, "mazishi yatafanyika..."

Shangazi akafanya ishara ya msalaba. Baba yake Deo akavua kofia. Nami nikapiga matatu kuzima redio, lakini kwa haraka moja likapotea, taa ikazima tena na marehemu akaendelea kutangazwa gizani. Kaka Festo akaona aibu ya ukoo ni juu yake yeye msemaji, akafanya ambalo mtu mwenye malezi angefanya. Akachuchumaa mbele ya wakwe kuomba radhi. Na radhi, jamani, inaombwa kwa nini? Taa za Krismasi zikaanza kukimbizana kijani na nyekundu mgongoni kwa shangazi, kijikengele kikalia, na Festo mwenyewe, ambaye sikuwa nimemwambia lolote, akarudi nyuma mpaka akakalia miguu ya mshenga.

Shangazi alikuwa mtu wa kwanza kusema. Hakupaza sauti.

"Nyumba hii kuna mtu mwingine tunayemsalimia?"

Na mimi, niliyepigana na watu vijiweni miaka yote wanapotutania watu wa Sumbawanga kwa radi na uchawi, mimi ninayewaambia kwa ukali kwamba sisi ni wakulima na Wakristo, nikawaona wakwe zangu, Wafipa wenzangu, wakitazamana kwa yale macho yale yale. Nikavunja mila. Nikainuka, nikaenda kujipenyeza nyuma ya kabati kuchomoa kisanduku, na nafasi ilikuwa ndogo, ikabidi nipige magoti na kutambaa pembeni ya kiti cha mkwe wangu wa kike, kichwa ndani, sehemu nyingine yote ya mwili wangu imewaelekea wazee wa Mwimbi. Nilipotoka na utando wa buibui kwenye nywele, kidude mkononi, viti vilikuwa vitupu. Ugali wa ulezi, kuku, samaki aina ya migebuka waliotoka ziwani Kasanga, vyote vimekaa na mifuniko yake. Mgeni wa posa akiondoka bila kula amekujibu.

Skola akatoka chumbani. Nilijiandaa kwa kilio, nacho kilikuwepo, lakini kabla ya kulia alikitazama kile kisanduku, akasema, "Baba, si ungeanza na balbu moja tu." Akarudi akafunga mlango. Hilo liliniuma kuliko wakwe wote.

Siku zilizofuata nilikuwa mkali kwa kila mtu. Mteja akiuliza debe linasagwa kwa muda gani namfokea. Nilimkasirikia mwenye duka, nikamkasirikia Festo na malezi yake mema, na nilimkasirikia aliyetengeneza kitu kile huko kwao, ambaye hakuwahi kufikiria kwamba duniani kuna watu wanaoheshimiana kwa mikono. Yeye anadhani makofi ni ya mpira tu! Mwishowe mke wangu akaniambia hasira hazimwozeshi mtoto.

Basi nikaenda Mwimbi mwenyewe. Baba wa binti kwenda kwa waposaji, mkifika kwenu waulizeni wazee kama waliwahi kusikia. Nilikwenda na jogoo mkononi na kidude kwenye mfuko, nikachuchumaa mlangoni kwa shangazi, nikapiga makofi (na macho yakapanda yenyewe kutazama taa), nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema maneno ya mdomo kila mtu anayo, nimwonyeshe. Nikakichomeka kwenye redio yake. Akapiga makofi matatu, redio ikaimba. Akapiga matatu, ikanyamaza. Akapiga tena. Wajukuu wakajaa mlangoni. Aliendelea mpaka nikachoka kuchuchumaa, halafu akasema, "Jogoo nimempokea. Na hiki kitabaki."

Kikabaki! Nimekinunua mimi, nimeaibika mimi, na sasa nasikia kijiji kizima cha Mwimbi kinakwenda jioni kumwangalia bibi anavyozima redio akiwa kitandani, na anawaambia ni zawadi ya mkwe wake wa mjini, mtu wa kisasa sana. Kwangu jini, kwake maendeleo.

Walirudi kupanga mahari, sebule ile ile, mimi kwenye kona yangu, balbu ni moja na swichi yake iko ukutani. Skola safari hii hakujificha sana, niliona kivuli chake kwenye pazia. Wageni wakashuka kwenye makochi, wakachuchumaa, shangazi mbele, na mikono ilikuwa imeshainuka aliposita hapo hapo. Akatazama balbu. Akanitazama mimi. Sebule nzima ikanitazama, na Festo naye, mjinga yule, akaingiza mikono yake mifukoni.

"Mkwe," akasema shangazi, "tunaruhusiwa?"

Baba wa binti haongei siku hiyo, hilo nimeshawaambia. Nikaongea. Nikasema, "Pigeni, Mama. Pigeni mpaka mchoke," na nyuma ya pazia nikamsikia binti yangu anacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Na mimi nikala kiapo hapo hapo, kwamba ndani ya nyumba yangu hakitaingia tena kitu chenye masikio, ukiacha watu.