Gari Lililopona Kila Lilipofika Gereji

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa waya hata mmoja. Frere, yaani bradha wa Kikatoliki, aliyekuwa mkuu wa gereji ya misheni pale Kasongo, alinipa daftari na kalamu, akanisimamisha getini, akaniambia kila gari linaloingia lipakuliwe mpaka sakafu ionekane, na kila kilichoshuka nikiandike. Magunia, mitungi, kuku, godoro la mgonjwa, vyote. Nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi na nilijiona bwana umeme, basi nilinuna kutwa nzima. Jioni Frere alinieleza kwamba kabla yangu mfanyabiashara mmoja alidai mzigo wake umeibwa ndani ya gereji, na kesi ikafika mpaka kwa msimamizi wa teritware, yaani mkuu wa wilaya. Tangu hapo gari lenye mzigo halikuvuka geti. Sheria hiyo niliishika miaka mingi, kuliko hata Frere mwenyewe.

Ninyi vijana mna kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, kinawasomea ugonjwa. Sisi tulikuwa na taa ya kupimia, balbu ndogo yenye waya mbili, na baadaye voltimeta. Umeme wa gari si uchawi. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unafanya kazi yake, kisha unarudi kwenye betri kupitia chuma cha gari lenyewe. Njia hiyo ya kurudi tunaiita masi. Kitu kilichokufa kabisa hakimsumbui fundi, kwa sababu utafuata waya mpaka ukute ulipokatika. Kinachomzeesha fundi ni pane, yaani hitilafu, inayokuja na kuondoka. Sisi tuliiita mugeni, kwa kuwa inafika bila taarifa, na ukimwita mwenzako aje aione, imeshaaga.

Frere alipougua na kurudi kwao, nafasi yake ilishikwa na Shefu wa Atelie, yaani mkuu wa karakana, mzaliwa wa Kabambare, aliyekuwa akizitukana injini kwa Kibangubangu na kuwaomba radhi wateja kwa Kiswahili. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima waya wakati unafanya kazi. Waya usio na kazi, alisema, hata uliobakiza uzi mmoja utakuonyesha volti zote kumi na mbili. Kisha nilipelekwa Kabambare, ambako magari yalikuwa machache na barabara ilituletea pikipiki zilizozama kwenye matope. Niliporudi Kasongo nilikuwa fundi mkuu wa umeme katika gereji ya mradi mmoja wa afya, chini ya mkuu wa magari na vifaa tuliyemwita Lojistisye. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda mambo yawe kwenye karatasi, na mimi nilipenda kuandika karatasi.

Hapo ndipo lilipokuja gari-nyumba. Lilikuwa kamioni, yaani lori, yenye nguvu mbele na nyuma, na mgongoni imebeba nyumba ndogo: vitanda vinne, jiko la gesi, sinki, pampu ya maji, taa, na frigo, yaani jokofu. Huko lilikotengenezwa, watu walilitumia kwenda kupumzika na kulala ndani. Kwetu wauguzi walilala ndani majuma matatu wakichanja watoto, wakianzia upande wa Lusangi na kuendelea mpaka Kabambare. Lilikuwa na betri ya injini na betri ya nyumba, na katikati rele, kifaa kinachoziunganisha injini ikiwaka ili zote mbili zijae. Shofere wake, yaani dereva, alikuwa Ramazani, mtu wa Nyangwe, mpole, ambaye nilimjua tangu tukiwa vijana wote wawili.

Safari ya pili tu, umeme wa nyumba ukaanza kukatika. Frigo inazima njiani, inawaka, inazima tena. Muuguzi mkuu, Mama Feza, alikuta chanjo zimepata joto akazitupa zote, na akina mama waliotembea kilomita nyingi na watoto mgongoni wakarudi hivyo hivyo. Gari likaletwa kwangu. Likapakuliwa getini kama sheria inavyotaka: masanduku yakashushwa, maji ya tanki yakafunguliwa yote. Nikapima betri, rele, kila fyuzi, nikaiacha frigo iwake kutwa. Haikuzima hata mara moja. Nikaandika: Hakuna pane.

Ramazani alinifuata kwenye benchi langu la kazi.

"Yaya Sumaili, miye sidanganyi," alisema, akiniita kaka kama kawaida yake. "Siku za kwanza ndiyo inazima-zima. Tukianza kurudi, iko muzuri."

Nilimjibu kwamba waya haujui siku ya kwanza wala ya mwisho. Maneno hayo niliyasema kwa madaha, na mpaka leo yananiunguza.

Safari zilizofuata zilileta malalamiko yale yale, na mara mbili tena gari lilifika kwangu likiwa zima kama limetoka kiwandani. Hapo watu wakaanza kusema. Lusangi kuna wachimbaji wa dhahabu kutoka kila upande, na kila mmoja ana simu ya kuchaji. Mtu fulani alikuwa amemwona Ramazani amechomeka simu kwenye gari. Alikiri kwamba ni kweli, simu mbili, ya chifu na ya mwalimu, tena kwenye betri ya injini. Nani angesikiliza habari ya betri ya injini? Ikasemwa anawauzia wachimbaji umeme wa frigo. Na ukilipanga jambo kichwani, lilikaa sawa: Lusangi iko mwanzoni mwa safari, na umeme unakatika mwanzoni mwa safari. Hata mimi niliamini.

Lojistisye aliniita ofisini. Hakuwa na hasira. Alisogeza karatasi.

"Fundi, niandikie tu. Kuko pane ao hakuna?"

Niliandika kwa mara ya tatu kwamba hakuna, nikatia sahihi na muhuri. Juma lile Ramazani alifukuzwa. Alirudisha funguo, akapita gereji kuniaga, akachukua njia ya Nyangwe kwa miguu.

Akaajiriwa shofere mwingine, mtu ambaye Lojistisye alimwamini kama nafsi yake, na akakatazwa kuchaji simu hata ya kwake. Walitoka asubuhi na kabla ya jua kuzama wamesharudi. Frigo ilizima hata Lusangi hawajafika. Mama Feza alishuka getini amekunja uso, akanitafuta mimi.

"Na huyu naye anachajia watu simu?" aliniuliza. "Ingia mwenyewe uangalie."

Niliingia. Frigo kimya, taa kimya, pampu kimya. Kwa mara ya kwanza mugeni alinisubiri. Huku nyuma vijana wa getini walikuwa wameanza kushusha masanduku kama kawaida na kufungua maji. Nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba ile, mkono kwenye swichi, mara taa ikawaka juu ya kichwa changu. Sikuwa nimegusa kitu. Niliwapigia kelele waache, wafunge maji, warudishe masanduku yote mahali pake. Waliniona nimepata wazimu, lakini walirudisha. Lilipoingia sanduku la nne, taa ikazima.

Nikalala chini ya gari, likiwa na mzigo wake wote, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nianze kazi. Sanduku la betri ya nyumba lilifungwa chini ya sakafu, kando ya tanki la maji. Tanki likijaa na masanduku yakipangwa juu yake, sakafu inabonyea upana wa kidole, na waya wa masi, uliokatwa mfupi mno, unavutwa. Niliweka mkono mmoja wa voltimeta kwenye ncha hasi ya betri, ile ya masi, na mwingine kwenye chuma cha gari: volti zote zilikuwa zimesimama pale, hazina pa kupita. Nilipochuna ngozi ya waya karibu na bolti, nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika zote. Gari likiwa tupu, ncha zake zinagusana na umeme unapita. Likiwa zito, zinaachana. Kwa hiyo siku za kwanza, maji yakiwa mengi, ilizima. Walipokaribia kurudi, maji yamekwisha, ikawa nzuri. Ramazani alikuwa amenieleza yote, na mimi kila mara nilikuwa nimeishusha pane getini pamoja na mizigo.

Kutengeneza hakukuchukua muda: waya mpya, mrefu zaidi. Niliandika karatasi nyingine na kumpelekea Lojistisye. Aliisoma mara mbili, akaniuliza polepole kama ninakumbuka sahihi yangu kwenye zile tatu. Kisha akaandika barua ya kumsafisha Ramazani, lakini kazi ilikuwa imekwisha kupewa mtu. Niliomba nipeleke barua mwenyewe.

Nilimkuta Nyangwe, anavusha watu mtoni kwa mtumbwi wa mjomba wake. Nilimweleza hapo hapo ukingoni, bila kuzunguka. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni waya gani, na ulikatikia wapi hasa. Nilipomchorea mchangani akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akanishika mkono. Alinisamehe pale pale, na sikujua niweke wapi macho yangu. Kisha akasema:

"Twende nyumbani. Usome hii barua mbele ya mama ya watoto."

Mkewe, Mama Zaina, alikuwa anamenya mihogo. Tangu Ramazani afukuzwe, majirani walimwita mke wa mwizi wa chanjo, na alikuwa ameacha kwenda kuteka maji saa za wenzake. Nilisoma barua yote nikiwa nimesimama. Alimaliza muhogo aliokuwa nao mkononi.

"Na ile karatasi ya kwanza," aliuliza, "nani aliiandika?"

"Ni miye, mama."

Aliendelea na mihogo yake.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine mingi, na gari lenye pane ya kuja na kuondoka liliingia gereji na mzigo wake, nami nilipanda nalo njiani kabla ya kufungua hata skrubu moja. Nikishindwa, sikuandika tena kwamba hakuna pane. Niliandika: Sikuiona. Sasa nimestaafu, na macho yamechoka. Mafundi vijana huja kuniuliza, na wanachotaka ni mbinu. Ninawapa. Ila ninawaambia pia kwamba shofere amekaa na gari kuliko wewe, na anayelala ndani yake amekaa nalo kuliko shofere.

Ramazani hunitembelea, tunakula pamoja. Mama Zaina nikikutana naye sokoni hunisalimu vizuri, "Jambo, Fundi," halafu anapita. Haniulizi habari za nyumbani. Ana haki yake, na mimi sijawahi kumharakisha.